Mkeka wa Pili

Mkeka wa pili ulikuwa na joto.

Mama Mdogo aliuinamia ili aukunje, kama alivyofanya kila mchana akifagia sebule, na viganja vyake vikakuta joto la nyayo mbili, kama vile mtu ametoka kusimama pale sasa hivi. Kidoti alikuwa shuleni. Mumewe alikuwa kazini. Yeye mwenyewe alishinda chumba cha nyuma tangu asubuhi akishona sare za wanafunzi. Akajiambia ni jua la dirishani. Lakini jua lilikuwa bado halijafika upande ule.

Mikeka hiyo ilikuwa ya mchezo. Mumewe, fundi wa redio na televisheni, aliinunua pamoja na mashine yake ilipotoka tu, ile inayochezwa kwa mwili mzima badala ya vidole. Muziki unalia, mishale inapanda kwenye kioo, nawe unaikanyaga mkekani kwa kufuata mdundo, huku jicho dogo juu ya televisheni likikutazama na kukuchora kivuli. Anayetaka kujiunga hupanda mkeka wa pili. Mashine husema "Hodi!", na haianzi mpaka aliye kwenye mkeka wa kwanza aitikie "Karibu". Fundi ndiye aliyeifundisha maneno hayo. Na ile hodi aliirekodi kwa sauti ya mkewe wa kwanza, mama yake Kidoti, mwezi mmoja kabla hajafariki.

Hapo ndipo palipomchoma Mama Mdogo. Kabla hajaolewa aliambiwa ukipenda boga penda na ua lake, naye ua alilipenda kweli. Ila hakuna aliyemwambia kwamba boga lenyewe lilikuwa na mwenyewe. Mwaka mzima sasa alikuwa bado anapiga hodi kwenye mlango wa nyumba yake.

"Mwenzetu, unamwomba nani ruhusa?" jirani alimtania.

Alicheka tu. Alikuwa akimwomba yule aliyemo ndani. Maana mashine ilikuwa imehifadhi kivuli cha marehemu pamoja na alama zake, na kila alasiri Kidoti, mtoto wa miaka tisa, alicheza nacho bega kwa bega.

"Mama Mdogo, njoo umwone Mama anavyoruka!"

"Nina sare kumi na mbili hapa, mwanangu."

"Sema tu huwezi! Mguu wako wa kushoto mzito kama pasi."

Mtoto alitania tu. Lakini wivu ni moto wa makumbi, huwaka bila kutoa ndimi. Jumatatu, nyumba ikiwa tupu, Mama Mdogo alishika kidhibiti. Kioo kikauliza: Futa kivuli? Akabonyeza ndiyo. Akafuta na sauti. Kidoti alilia mpaka kwikwi ikamshika, naye akamdanganya kwamba umeme ulikatika, mashine ikasahau.

Jumatano ndipo mkeka ulipokuwa na joto.

Alhamisi mchana alijifungia sebuleni ajifunze kucheza. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto yule amwite Mama, pasipo lile neno "Mdogo" nyuma yake. Alikuwa amekazana na mishale, jasho likimtoka, aliposikia nyuma yake:

"Hodi!"

"Karibu!" akaitikia bila kugeuka, akidhani ni Kidoti karudi.

Mlango ulikuwa umefungwa. Harufu ya mafuta ya cherehani ikajaa sebule, ingawa cherehani ilikuwa chumba cha nyuma, na mkeka wa pili ukabonyea taratibu, kisigino kwanza, kisha vidole, na ndipo alipong'amua kwamba ile hodi haikuwa ya mtoto wala ya marehemu bali ilikuwa ya sauti yake mwenyewe, na alipoinua macho akaona kwenye kioo vivuli viwili vimesimama sambamba, vyote viwili vina utepe wa kupimia shingoni, vyote viwili ni yeye, isipokuwa kile cha pili kilikuwa kikicheza bila kukosea hata mshale mmoja, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mwepesi kama unyoya.

Jioni mumewe alichomoa waya ukutani. Mkeka ukaendelea kudunda, tap, tap, tap.

"Mwache acheze," Kidoti alinong'ona. "Huyu hafoki. Hana sare za kushona."

"Anakwambia nini, mwanangu?" Mama Mdogo aliuliza.

"Kaniambia nimwite Mama."

"Nawe?"

Kidoti akatazama vidole vyake vya miguu. "Nimemwita."

Asubuhi aliitwa mganga, mwanamume mwenye miwani minene, aliyekuja na helmeti ya pikipiki kwapani. Aliizunguka mashine mara mbili.

"Nimeshatoa majini kisimani, kabatini, hata sikioni mwa mtu," alisema. "Kwenye mchezo, leo ndiyo mara ya kwanza. Nani alimkaribisha?"

"Mimi. Nilidhani ni mtoto."

"Unaitikia hodi kabla hujatazama?"

"Si ndivyo tufanyavyo wote?"

"Ndivyo. Ndiyo maana sikosi kazi." Akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Umemlisha wivu, kaazima sura yako. Sasa mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, husindikizwa. Mtoe mpaka njia panda, muage vizuri, urudi. Ila ukirudi, usibishe hodi. Ingia kama mwenye nyumba. Atakayepiga hodi ndiye atakayekuwa mgeni."

Akaondoka, akisema kazi iliyobaki ni ya mwenyeji peke yake. Mumewe alikuwa dukani kwake. Kidoti, ambaye siku hiyo hakupelekwa shule, akaambiwa akae kitini, asinyanyuke.

Mama Mdogo alifungua mlango, akatoka juani. Kando yake nyayo zilisikika changaraweni, na kila alipopunguza mwendo nazo zikapunguza. "Asante kwa kututembelea," alisema alipofika njia panda. "Kwaheri." Hewa ikawa tulivu. Harufu ya mafuta nayo haikuwapo tena. Hakugundua kwamba, tangu hatua chache kabla ya njia panda, alikuwa akisikia nyayo zake tu.

Alirudi mbiombio, na moyo mwepesi kuliko mwaka mzima. Atamwambia Kidoti ukweli kuhusu kile kivuli. Atamwomba radhi. Kisha watacheza wote wawili, mguu mzito na yote.

Mlango alikuta umerudishwa. Ndani muziki ulikuwa ukilia, na Kidoti anacheka. Alicheka vizuri mno hata Mama Mdogo naye akatabasamu, akashika kitasa, na ulimi, kwa mazoea yake, ukatangulia:

"Hodi!"

Muziki ukanyamaza. Kitasa kikagoma kuzunguka. Harufu ya mafuta ya cherehani ikapenya chini ya mlango.

"Mama, kuna mtu nje," alisema Kidoti.

Na sauti yake mwenyewe, yenye upole ambao hakuwahi kuupata, ikajibu kutoka ndani:

"Endelea kucheza, mwanangu. Ni mgeni tu."