Skrubu Tisa Chumbani kwa Mjamzito

Kompyuta mpya hunuka plastiki. Hii ya Po-yen, siku ya pili tu tangu aiwashe, ilikuwa inanuka maziwa yaliyolala. Alifungua ubavu wa kasha, akatia pua ndani kama mpishi anayekagua sufuria, akajiambia labda ni mvua. Mwezi wa sita Taipei kila kitu hunuka ukungu, hata shati ulilolianika jana. Akafunga, akarudi kwenye kazi yake ya kuchora ramani za nyumba za watu.

Kompyuta hiyo aliiunda mwenyewe, na ilikuwa imeleta maneno. Ile ya zamani ilipokufa, mkewe Hui-chun alimwomba anunue iliyounganishwa tayari, ya dukani, yenye dhamana ya miaka mitatu. Po-yen akacheka. Kununua kompyuta tayari, alisema, ni kununua chakula usichokiona kikipikwa: juu wamekupangia nyama, chini wamejaza mifupa. Watakuwekea prosesa ya kujivunia, halafu kifaa cha umeme cha bei ya kutupa, siku moja kikuunguzie vyote. Mtu anayejua kazi huchagua kila kipande kwa mkono wake. Basi akashinda kutwa kwenye maduka ya Guanghua, akarudi na maboksi saba na uso wa bwana harusi.

Hui-chun hakuwa na ugomvi na kompyuta. Alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya miaka sita ya kungoja, na kila mtu kule anajua kwamba nyumba yenye mimba ina mgeni asiyeonekana. Ni pepo, mlinzi wa mimba. Hukaa pale anapolala mama, leo kitandani, kesho mlangoni, keshokutwa mezani, na kalenda ya jikoni huandika kila siku yuko wapi. Ukigonga msumari alipo, ukikata kwa mkasi, ukikaza skrubu, umemgusa mtoto. Ukilazimika, kwanza unafagia mahali hapo kwa ufagio mpya, unamwomba asogee. Ni jambo la dakika moja. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na Po-yen alikuwa amesoma.

Nyumba yao ya ghorofa ya nne ilikuwa na kiyoyozi kimoja, nacho kilikuwa chumbani. Kwa hiyo Jumamosi alitandaza vipande vyake kwenye meza ya chumbani, hatua mbili kutoka kitandani. Hui-chun alisimama mlangoni, mkono tumboni.

"Za dukani wameshakaza skrubu zote hukohuko," alisema. "Kama hutaki, basi kazia sebuleni."

"Sebuleni jasho litanidondokea kwenye ubao wa saketi. Mke wangu, ni skrubu tisa. Tisa tu."

Na ile ya kwanza, kwa hasira ya kufundishwa kazi, aliikaza kwa nguvu zake zote mpaka bisibisi ikateleza na kichwa cha skrubu kikalika. Nyingine nane zikaingia vizuri. Jioni mashine ikawaka mara ya kwanza alipobonyeza, akaita wenzake kwa simu kujisifu.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na baada ya harufu ikaja sauti. Chini ya mvumo wa feni kulikuwa na pigo, dogo, la harakaharaka, mbili mbili. Po-yen alidhani waya umegusa feni. Alizima, akachomoa plagi ukutani, akangoja feni zisimame, nazo zikasimama moja baada ya nyingine, na chumba kikawa kimya kabisa isipokuwa mvua dirishani, na lile pigo likaendelea kutoka ndani ya kasha lisilo na umeme, mbili mbili, mbili mbili, naye akiwa ameegemeza sikio kwenye bati akatambua kwamba sauti hii anaijua, ameisikia kliniki kila mwezi, daktari alipokuwa akipitisha kifaa chake juu ya tumbo la Hui-chun. Akarudi nyuma mpaka akajigonga kwenye kitanda. Hui-chun alikuwa amelala hapo, macho wazi, anamtazama.

"Mtoto vipi leo?" alimuuliza.

"Hajacheza tangu Jumamosi jioni," alisema Hui-chun polepole. "Niliogopa kusema. Nikisema itakuwa kweli."

Hospitali walimlaza palepale. Moyo wa mtoto ulikuwepo lakini ulipiga kwa uvivu, tena mbali, na daktari aliposukuma tumbo, mtoto hakujibu. Akasema atangoja mpaka saa kumi na mbili jioni; ikiwa hivyohivyo watamtoa kwa kisu, na kwa miezi saba, mtoto aliyechoka namna ile, hakuahidi kitu. Mama yake Po-yen alikuwa amekuja mbio na viatu vya nyumbani. Alimvuta mwanawe pembeni ukumbini.

"Ile mashine uliiunganishia wapi?"

"Chumbani, mama. Mezani."

Mama alishika ukuta. "Jumamosi kalenda iliandika mezani, mwanangu," alisema. Hakumgombeza, na Po-yen angependa agombezwe.

Mama akabaki na Hui-chun, na Po-yen akatumwa kwa Bi A-hao, mwuza maandazi ya mvuke nyuma ya soko, ambaye mitaa yote hiyo humpelekea walioingiwa na hofu na waliochezewa na pepo. Aliacha maandazi yake jikoni, akaja na Po-yen mpaka chumbani, bado na aproni yenye unga. Alifunga kikombe cha mchele ndani ya gauni la Hui-chun, akakizungusha juu ya kasha mara tatu, akafunua. Katikati ya mchele palikuwa na shimo la kuingia kidole.

"Umemfungia chini ya ubao," alinong'ona. "Haya, fundi, fungua. Kinyumenyume cha ulivyofunga, kwa mkono uleule. Usikate, usigonge, usitoboe. Na usiniulize kitu."

Po-yen aliweka simu mezani, mama yake akiwa upande wa pili, akaanza. Alitoa nyaya, akatoa vijiti vya kumbukumbu, akafika kwenye skrubu. Ya tisa ikatoka, ya nane, ya saba, na kwa kila moja lile pigo ndani ya kasha likazidi kwenda mbio, na ile harufu ya maziwa ikazidi mpaka ikamkaa kooni, na Bi A-hao akaanza kusoma maneno yake bila kupumzika, na simuni mama akasema kwa sauti ndogo kwamba Hui-chun anashika tumbo, anasema anabanwa, na saa ukutani ikawa kumi na moja na robo, na Po-yen akafika kwenye ile skrubu ya kwanza, ile iliyolika kichwa, akaweka bisibisi, ikazunguka bure.

Akajaribu tena. Ikazunguka bure.

Kila fundi anajua dawa ya skrubu iliyolika: unaleta drili unatoboa. Drili ilikuwa uvunguni mwa kitanda. Mkono wake ulishaanza kwenda huko wenyewe, na Bi A-hao akaukanyaga kwa mguu. Aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa raba ya kufungia vitunguu, akampa.

Po-yen aliitandaza raba juu ya kichwa cha skrubu, akasimamisha bisibisi juu yake, akakandamiza. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa anasema naomba, baba, naomba, mama, hajui kama anamwambia pepo au mtoto. Skrubu ikasogea kwa unywele. Ikasogea tena. Alipoinua ubao, upepo wa joto ulipita usoni mwake, pazia la dirisha lililofungwa likainuka na kushuka, na lile pigo likakoma. Simuni mama akaanza kulia.

"Amepiga teke, Po-yen. Amepiga teke."

Alikimbia kwenye mvua bila mwavuli mpaka hospitali. Tumbo la Hui-chun lilikuwa linacheza chini ya shuka, daktari anatabasamu, mama ameweka kiganja na kila mara anaguna kwa furaha. Po-yen akaweka wake. Mtoto akatulia. Akangoja, akaondoa mkono, na tumbo likainuka upande mmoja kwa nguvu. Akarudisha. Kimya. Hui-chun alimtazama, kisha akavuta shuka juu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, wa kike, mzito, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alipakatwa na mkunga akalia, akapakatwa na bibi yake akalia. Baba yake alipompokea alinyamaza. Alikaza mwili, akafumba mdomo, akamtumbulia macho bila kupumua, na midomo yake ikaanza kugeuka rangi.

"Nipe," alisema Hui-chun, amenyoosha mikono. "Nipe mwanangu, haraka."