Wivu Uliochelewesha Breki

Mshonaji alikuwa na cherehani mbili katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Alishona sare za shule. Mkewe alizipeleka shuleni kwa gari lao dogo jeupe. Mume alikata na kushona, mke aliendesha na kuuza. Maisha yalikwenda.

Siku moja mke alirudi, akasimamisha gari mbele ya mlango. Gari likalia: nyiii!

"Ni breki hizo," mke alisema akiingia. "Nimepita gereji. Fundi amefungua magurudumu, anasema pedi za mbele, zile zinazobana gurudumu lisimame, zimekwisha. Tusikawie."

"Fundi gani?"

"Yule wa karibu na shule. Mtu mzuri sana. Anakueleza mpaka unaelewa."

Mshonaji aliendelea kushona, lakini mshono ukaenda kombo. Mtu mzuri sana! Alifumua, akaanza upya.

Tangu siku hiyo, habari zikawa za fundi tu. Mezani: "Fundi anasema tusikanyage breki kwa ghafla." Mke akipiga pasi: "Fundi anasema tusipuuze mlio." Miaka yote, aliyeitwa fundi katika nyumba hii alikuwa mshonaji mwenyewe. Sasa neno hilo lilikuwa limehamia kwa mtu mwingine.

Jumatano simu ya mke iliita. Alisikiliza kidogo, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Nani huyo?" mshonaji aliuliza.

"Fundi. Anauliza gari tunalipeleka lini."

"Na hilo ndilo la kuchekesha?"

Mke alimtazama. "Una nini wewe?"

"Sina kitu."

Alikuwa nacho. Mke alipotoka, mshonaji alisimama mbele ya kioo cha wateja. Aliona kitambi. Aliona vipande vya uzi kwenye nywele. Akaingiza tumbo ndani, lakini halikukaa huko.

Jumamosi fundi alikuja mwenyewe. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya upole.

"Shemeji, habari za kazi?" alisalimia. "Naomba umpe dada karatasi hii. Nimeandika kila kitu na bei yake."

"Shemeji wa nani?" mshonaji aliwaza. Kwa mdomo alisema tu, "Asante."

Aliisoma karatasi. Pedi mpya za mbele, kushoto na kulia. Kupima diski. Malipo ya kazi. Dhamana ya miezi sita. Akaitumbukiza kwenye droo ya vifungo. Jioni alimwambia mkewe, "Gari hili nitalishughulikia mimi. Usiende tena kule."

Kwanza alikwenda gereji kubwa yenye sakafu ya kung'aa. Mtu mmoja alilisikiliza gari likilia. Hakufungua hata gurudumu moja. Aliandika pedi za mbele na nyuma, diski zote, na vitu vingine ambavyo mshonaji hakuvijua. Bei ilikuwa mara tatu ya ile ya fundi.

Kisha alikwenda kwa mtu wa kando ya barabara.

"Upande gani unalia?" mtu huyo aliuliza.

"Wa kushoto."

"Basi nitabadilisha huo tu. Nusu saa umeondoka."

Aliandika bei kwenye kipande cha karatasi: nusu ya ile ya fundi. Mshonaji alifurahi sana. Hakuuliza pedi zilikotoka. Hakuuliza habari za dhamana. Alirudi nyumbani kifua mbele.

"Nusu ya bei ya mtu wako!" alimwambia mkewe.

"Mtu wangu?" mke aliuliza. Mshonaji alikuwa amesharudi kwenye cherehani.

Wiki moja gari lilikaa kimya. Halafu upande wa kulia ukaanza kukwaruza, kama chuma kinachosagwa. Mshonaji aliongeza sauti ya redio.

Jumatatu alikuwa akimpeleka mama mkwe kliniki ya macho. Mke aliketi mbele, mama mkwe nyuma. Walipokuwa wakishuka mlima, lori mbele yao lilipunguza mwendo. Mshonaji alikanyaga breki. Gari likavutwa kushoto kwa nguvu, likapanda ukingo wa njia ya miguu. Akavuta breki ya mkono. Likasimama shubiri moja tu kutoka kwenye viti vipya vya seremala mmoja wa kando ya njia. Seremala alikuwa ameruka pembeni, msasa bado mkononi.

Mshonaji alizima injini.

"Mkwe wangu," mama mkwe alianza polepole, "gari hili linaumwa nini?"

"Alisema limetengenezwa," mke alisema. "Kwa nini hukulipeleka kwa fundi?"

Mshonaji alitazama usukani. Aliona aibu kusema mbele ya mama mkwe, lakini aibu ya kunyamaza ilikuwa kubwa zaidi.

"Kwa sababu unacheka naye," alisema. "Na siku hizi hucheki na mimi."

Mke alishusha pumzi.

"Siku ya kwanza niliposikia ule mlio, nilidhani kifaranga amenasa chini ya gari. Nilimwambia fundi. Tulilala chini tukimtafuta kifaranga! Ndiyo maana kila akipiga simu huniuliza kama kifaranga hajambo. Sikukuambia kwa sababu ungenicheka mwaka mzima."

"Na wewe huyo fundi anakuitaje?" mama mkwe alimuuliza mshonaji.

"Shemeji."

"Basi mkeo ni dada yake. Umemwonea wivu shemeji yako, nusura uniue mimi."

Hawakuliendesha tena gari hilo; lilirudishwa nyumbani juu ya gari la kubeba magari. Fundi alikuja na vifaa vyake. Aliinua gari, akafungua magurudumu yote mawili ya mbele. Mshonaji alichuchumaa karibu. Wivu ulikuwa bado haujaisha, lakini alitaka kuona.

"Shemeji, tazama," fundi alisema. "Pedi hii ya kushoto ni mpya. Ya kulia imekwisha kabisa, chuma kinakula diski, sahani hii inayobanwa na pedi. Upande mmoja unashika, mwingine haushiki. Ndiyo maana gari lilivutwa. Pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja."

"Mtu atajuaje wakati umefika?"

"Pedi mpya ina unene wa milimita kumi hivi. Ikibaki tatu, badilisha. Mlio mwembamba ni onyo la kwanza. Ukisikia kukwaruza, umechelewa. Pedali ikizama sana, au gari likivutwa upande, au taa ya onyo la breki ikiwaka mbele ya dereva, usiendeshe. Mwite fundi."

Mshonaji aliishika pedi iliyokwisha. Ilikuwa nyembamba kuliko kifungo cha shati. Alileta karatasi zote tatu kutoka kwenye droo ya vifungo, akazitandaza juu ya boneti. Mke alisogea.

"Ulitazama bei tu," mke alisema. "Hawa watatu kila mmoja ametaja kazi tofauti."

"Ndivyo," fundi alisema. "Kwanza uliza kama gurudumu limefunguliwa na pedi zimepimwa. Uliza ni pedi za aina gani, pande ngapi, bei ya kazi imo au haimo, na dhamana ni ya muda gani. Mwambie akuonyeshe vifaa vya zamani. Kisha ndipo ulinganishe bei. Na usiniamini mimi tu, nenda kawaulize wengine maswali hayo hayo."

Wakafanya hivyo. Mke aliuliza gereji nyingine mbili kwa simu, mshonaji akiandika. Bei ya fundi haikuwa rahisi kuliko zote, lakini ndiyo iliyotaja kila kitu. Diski ya kulia ilikuwa imeharibika, kwa hiyo walinunua diski mpya pia, kushoto na kulia. Kuchelewa kuliwagharimu.

Miezi mitano baadaye walikwenda kukagua breki za nyuma. Mshonaji aliuliza maswali yote mwenyewe. Fundi alipima, akasema, "Bado nzuri. Rudini baada ya miezi sita." Hakuwatoza kitu.

Wakati wa kuondoka, fundi alimnong'oneza mke jambo, wakaangua kicheko. Mshonaji alihisi kitu kikimchoma kifuani. Safari hii hakukimeza.

"Mnacheka nini? Niambieni na mimi."

"Anasema unaendesha polepole," mke alijibu, "mpaka breki zinalalamika hazina kazi."

Mshonaji alifikiri kidogo. Kisha akacheka, akachelewa kidogo kuliko wenzake, akamfungulia mkewe mlango wa gari.