Mabibi Harusi Watatu wa Sura ya Mwisho

— Mbona mabibi harusi wako wote wanakufa?

Mtafiti aliuliza akiwa amepiga magoti sakafuni, miswada ya riwaya tatu za mchumba wake imetandazwa mbele yake. Alikuwa anaandika tasnifu juu ya mama na mtoto katika riwaya za siku hizi, mchumba huyo na mama yake wakiwa mfano mmojawapo, kwa kutumia elimu ya kuchimbua yale ambayo mtu anaificha nafsi yake mwenyewe. Mwandishi alimpa miswada hiyo kwa moyo mweupe, akasahau kilichoandikwa pembeni.

— Hadithi inataka huzuni, alijibu.

— Huzuni ipi? Ulivyoandika mwanzo, wote watatu wanaolewa. Halafu pembeni kuna wino mwekundu: "Huyu binti aondoke." Hapa: "Ajali ya gari ingefaa." Ni mwandiko wa nani huu?

Mwandishi akakuna kisogo.

— Wa mama. Yeye ndiye husoma kwanza. Si unajua alikuwa mwalimu?

— Na harusi yetu, iliyoahirishwa mara mbili, nani aliisahihisha?

Jitu zima na ndevu zake likainamia vidole vya miguu.

— Usinipime kwa vitabu vyako. Mimi si mgonjwa.

— Sijasema unaumwa. Nasema hujawahi kumuudhi mama yako hata siku moja ukaona kama atabaki kuwa mama yako. Na mimi sitangoja ahirisho la tatu.

Simu ya Mwandishi ikatoa mlio. Ujumbe wa mama: "Riwaya ya nne iko wapi? Nangoja tangu asubuhi."

Mwandishi akafungua kompyuta, akautuma mswada wa riwaya hiyo ya nne moja kwa moja kwa mchapishaji. Kisha akamjibu mama: "Nimeshaipeleka. Samahani, hii hutaisoma kwanza."

Haikupita dakika, simu ikaita. Akaweka sauti ya nje, Mtafiti naye asikie.

— Umepeleka bila mimi kuona?

— Ndiyo, mama.

— Na bibi harusi wa humo?

— Ameolewa. Mama, kwa nini ulikuwa unawaua?

Kikohozi kidogo.

— Akiingia yeye, mimi sionekani tena. Hebu zisome ulivyoziandika mwanzo. Harusi ikipita tu, mama hata salamu hapewi.

Mtafiti alikuwa ameandika kurasa arobaini juu ya mama huyu, na hili halikuwamo. Akasogea karibu na simu.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Wewe ndiye unayenichunguza?

— Ndimi.

— Umeandika nini?

— Kwamba unammeza mwanao.

— Ana kilo tisini huyo. Nitammezea wapi?

Mwandishi akaangua kicheko. Mtafiti akajizuia, ikamshinda.

— Msicheke, mama akasema. Nina hasira na nyinyi wote wawili. Zitaisha Ijumaa. Karatasi za ndoa si zipo tayari tangu mwaka jana? Basi oaneni Jumamosi. Na wewe binti, ukurasa wa arobaini na moja uje kuuandika hapa kwangu, nikiwepo.

Wakaoana Jumamosi hiyo. Mama alifika wa kwanza kwa msajili wa ndoa, uso ameukunja. Hasira zilikuwa zimepitiliza siku moja.