Mmoja Nyuma Yangu

Binamu yangu Arlen alikuwa mtu wa mizaha, na mkewe Corrine alikuwa mtu wa kumwambia anyamaze. Ndoa yao ilikwenda hivyo miaka yote, na ilikwenda vizuri. Jumamosi ile ya Oktoba walipita kwangu kunywa kahawa, Arlen akamaliza keki ya maboga niliyokuwa nimejiwekea, kisha wakapakia baiskeli zao za matairi manene na kushuka bondeni, kwenye vinamasi vya mto Minnesota. Mimi nilibaki kuzoa majani kwenye mifereji ya paa. Najiambia laiti ningekwenda nao. Halafu najiambia pengine ningebaki hukohuko.

Kule chini ndege za Minneapolis zinapita juu ya kichwa hadi unayaona magurudumu yake, lakini mji wenyewe huuoni. Ni matope, matete, na miti mikubwa ambayo mafuriko huizamisha kila yanapokuja. Njia ni nyembamba, mnapita mmojammoja. Ndiyo maana sisi waendesha baiskeli tuna desturi yetu. Ukikutana na watu wanaokuja, aliye mbele anawaambia wangapi wako nyuma yake, na aliye nyuma kabisa anasema ni yeye wa mwisho. Hapo mwenzako anajua akae pembeni mpaka lini. Kwa jambo hilo hakuna anayedanganya, hata mlevi.

Yaliyofuata Arlen alinisimulia mezani pangu, tena na tena, wala hakuwahi kubadilisha neno.

Walikuwa wanarudi. Karibu na kijito walikutana na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe.

"Mmoja nyuma yangu!" Arlen akasema.

"Mimi wa mwisho," akasema Corrine alipompita.

Mzee hakurudi njiani. Alibaki pembeni, mguu mmoja kwenye matope, akitazama nyuma ya Corrine.

"Na mwenzenu?" akauliza.

"Mwenzetu yupi?"

"Huyo hapo."

Corrine akageuka. Matete tu. Yule mzee akawa mwekundu, akaomba radhi kama tunavyoomba radhi sisi watu wa huku hata tukikanyagwa, akaondoka kwa kasi isiyolingana na umri wake.

Kijito kile hakina daraja. Kuna chelezo cha mbao ambacho waendesha baiskeli walikitengeneza wenyewe. Unapanda na baiskeli yako, unavuta kamba, unavuka. Arlen na Corrine walivuka. Hawajafika mbali, kamba ikakaza. Chelezo kikaanza kurudi walikotoka, taratibu, kama kinachovutwa na mtu aliyechoka. Ng'ambo kikasimama kidogo. Kisha kikaanza kuja tena, safari hii kimelalia upande mmoja.

Juu yake hapakuwa na mtu.

"Arlen," Corrine akanong'ona. "Panda twende."

"Ni mkondo wa maji tu huo, bibie."

"Mkondo unavuta kamba? Panda!"

Wakapanda. Sasa Arlen alikuwa na tabia moja: akiogopa, anachekesha. Kwenye mazishi ya baba yake alichekesha mpaka mchungaji akamfinya. Basi mbele kidogo wakatokea wasichana wawili wanakuja. Arlen akapaza sauti: "Wawili nyuma yangu!"

Wasichana wakasogea pembeni kuwasubiri hao wawili.

"Arlen, usimhesabu!" Corrine akalia nyuma yake.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo Arlen ana hakika yalikuwa ya mkewe.

Kuanzia pale njia ni mizizi na utelezi. Ukigeuka, umeanguka. Arlen akawa anaita tu.

"Upo?"

"Nipo."

Wanakwenda.

"Upo?"

"Nipo."

Alifurahi kwamba Corrine hakukasirika. Jambo moja tu lilimpita, na baadaye ndilo lililomwondolea usingizi. Corrine alikuwa na ugonjwa wa kifua. Kwenye kipande kile alikuwa anahema kila mara, nusu ya maneno yanabaki kooni. Sauti ile haikuhema.

Akafika chini ya daraja la barabara kuu, mahali pa kuegesha magari. Akashuka, akafungua chupa, akammiminia mkewe kahawa. Akanyoosha kikombe nyuma bila kugeuka.

"Upo?"

"Nipo."

Sikioni kabisa. Kikombe hakikupokelewa.

Baiskeli ya Corrine ilikutwa palepale Arlen alipofanya mzaha wake, imeegemezwa kwenye mti vizuri, kofia yake imening'inizwa kwenye usukani. Wale wasichana walihojiwa. Walisema waliwasubiri wawili wote wapite, kama ilivyo desturi. Kuhusu yule wa pili hawakuelewana. Mmoja alisema ni mwanamume. Mwingine alisema ni mwanamke, akaanza kulia, akakataa kuulizwa tena.

Polisi walileta mbwa, walileta boti, walichokoa kijito kwa fito ndefu. Hawakupata hata kiatu. Arlen aliacha kazi. Kila siku alishuka bondeni na baiskeli yake, peke yake, na kila aliyekutana naye alimwambia: "Mmoja nyuma yangu." Watu walikaa pembeni wakisubiri. Hakuna aliyekuja. Mwisho watu wakaanza kuikwepa njia ile. Mimi nililia nilipoambiwa, maana nilijua anafanya nini. Alikuwa anamrudisha mkewe kwenye hesabu.

Novemba ikaingia na baridi yake. Kingoni barafu ilikwishaanza kushika. Arlen akaja kwangu amekonda, ndevu zimemjaa.

"Maji yakifunga kwa barafu, Nels, ndiyo basi. Simpati tena."

"Kula kwanza," nikamwambia. Nilikuwa nimepika supu.

Hakuigusa. "Kesho twende wote. Wewe utangulie. Ukikutana na mtu, mwambie wawili nyuma yako."

"Nyuma yangu utakuwa wewe tu."

"Sema wawili."

"Arlen, si ndivyo ulivyompoteza?"

"Ndivyo." Alinishika mkono, vidole baridi. "Nilimwingiza yule kwa mdomo wangu mwenyewe, akakalia nafasi ya mke wangu. Sasa Corrine aingie kwenye hesabu, na mimi nitoe nafasi yangu. Nisaidie, kaka. Sina pengine pa kwenda."

Ningemkatalia vipi? Nilimpenda yule mtu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Tulishuka mchana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matete. Tulikwenda hadi ng'ambo ya kijito, tukageuza, tukavuka na chelezo kurudi, kisha nikatangulia. Karibu na ule mti akatokea mtu anakuja. Alikuwa yule mzee mwenye ndevu nyeupe.

"Wawili nyuma yangu," nikasema.

Mzee hakuuliza kitu. Alishuka, akaivuta baiskeli yake mpaka ndani ya matete, akainamisha uso.

Nikaendelea. Mizizi. Utelezi.

"Upo?"

"Nipo," akajibu Arlen, akihema.

Nikakanyaga pedali.

"Upo?"

"Nipo. Usigeuke, Nels."

Nikakanyaga tena. Nyuma yangu matairi yalinyamaza. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha nikayasikia tena, yanakuja.

"Upo?"

Kimya.

"Upo? Arlen!"

"Nipo..." Sauti ya mwanamke. Inahema, nusu imebaki kooni. "Punguza mwendo basi, Arlen. Kifua kinanibana."

Nililia njia nzima. Sikugeuka. Nilijiuma mdomo mpaka damu, sikugeuka, hadi nikapita chini ya daraja na kuyaona magari.

Corrine alikuwa juu ya baiskeli ya Arlen. Tandiko lilikuwa bado limepandishwa kwa kimo cha Arlen, ncha za viatu vyake zinagusa pedali kwa shida. Alikuwa na sweta lilelile jembamba la Oktoba, anatetemeka.

"Nels? Umetokea wapi wewe?" Akaangaza macho huku na huku. "Arlen yuko wapi? Si alikuwa hapa mbele yangu?"

Usiku ule mto ulifunga.

Corrine anaishi kwangu sasa. Hakumbuki chochote. Kwake ilikuwa ni safari moja tu, mumewe yuko mbele anamwita, naye anajitahidi kumfikia. Nilimweleza yote. Tangu hapo ana tumaini moja tu la kumfanya aamke asubuhi: kwamba Arlen yupo, amebadilishana naye mahali tu, sasa yeye ndiye anayemfuata nyuma.

Na kweli kuna kitu kinatufuata. Huku watu hushikiana milango, mtu anaweza kuganda kwenye theluji akikusubiri ufike. Jumapili tulikwenda dukani. Kijana mmoja alitushikia mlango. Mimi nikapita, Corrine akapita. Kijana akaendelea kuushika. Akatabasamu, akatikisa kichwa kama anayeitikia asante, kisha ndipo akauachia.

Corrine alikuwa amesimama katikati ya watu, macho yanamng'aa.

"Upo?" akanong'ona, bila kugeuka.

Mimi nikaanza kukohoa. Nilikohoa kwa nguvu, nikasukuma toroli ovyo, nikagonga rafu ya mikebe, watu wakanitazama. Lolote lile, mradi nisisikie jibu.

Kwenye gari alikaa mikono mapajani, uso umesinyaa ghafla kama wa bibi kizee.

"Amejibu?" nikamuuliza.

"Amejibu."

"Ni Arlen?"

Akatikisa kichwa kukataa, machozi yakaanza kumtoka.

"Ni sauti yangu, Nels," akasema. "Lakini haihemi."