Maji ya Mgongo wa Mayige

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Felisita alikamua ng'ombe pamoja na kaka yake Mayige, nyumbani kwao nje kidogo ya Mwanhuzi. Mayige hakungoja maziwa yachemke. Aliyanywa yangali na joto la kiwele.

Homa ikamshika, ikawa inaondoka na kurudi. Kichwa kikamuuma wiki baada ya wiki. Siku moja zizini alimtazama Felisita kama asiyemjua, akainua fimbo akampiga begani, kisha kichwani. Baba yao, Ndalahwa, na majirani walimwangusha, wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe huku wakimpiga mateke ili pepo limtoke. Mayige akakakamaa, akatetemeka mwili mzima, povu na damu vikimtoka mdomoni.

Baba mdogo Athanasi alichukua panga. "Amerogwa na mayu Benedikta. Leo atanitambua."

Benedikta, waliyemwita mayu, yaani mama, alikuwa mjane mzee, jirani yao. Felisita, damu ikimchuruzika usoni, alisimama langoni. "Baba mdogo, kaka ana homa siku nyingi. Tumpeleke hospitali kwanza."

Athanasi alimsukuma. Felisita alipoanguka alimng'ang'ania mguu, akaburutwa mavumbini, mpaka Ndalahwa akaja akamnyang'anya nduguye panga, akaamua Mayige apelekwe hospitali.

Hospitalini Bariadi, daktari Veronica aliuliza habari za mifugo. Felisita akasema ng'ombe wao wawili walikuwa wametupa mimba, na kaka hunywa maziwa mabichi. Daktari akataka kuchukua maji ya uti wa mgongo.

"Mtampoozesha," alisema Athanasi.

"Sindano inaingia kiunoni, chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu wa mgongo unapoishia. Maji hayo yanazunguka hadi kwenye ubongo, yatatuambia kilichomo."

Ndalahwa alikubali. Majibu yalionyesha bakteria wa brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kwa maziwa mabichi, ambao kwa Mayige ulikuwa umefika kwenye ubongo. Kufika huko hutokea kwa nadra sana.

Mayige alimeza dawa kwa miezi. Alipoanza kucheka tena, Athanasi alisema dawa zimetosha. Lakini maji yalipopimwa mara ya pili, ugonjwa ulikuwa haujaisha. Mayige akaendelea na dawa, hadi kipimo kingine kikaonyesha amepona.

"Maziwa yachemke kila siku, na ng'ombe wapimwe," daktari aliwaasa.

Nje, Ndalahwa alimgeukia mdogo wake. "Ungemkata yule mama, tungemzika yeye, kisha tungemzika Mayige pia. Ugonjwa unapimwa, haubahatishwi. Tukifika, utakwenda kumwomba radhi. Nami nitamwomba mwanangu, maana nilimpiga akiwa mgonjwa."