Mvua ya Saa Tatu Asubuhi

Foleni ya Posta ya Kisumu ilisukumana, Zamzam akajikuta amemkanyaga kijana aliyevaa shati la samawati lililopigwa pasi likasimama. Bahasha ikamponyoka kijana, sahani nyembamba ya kung'aa ikabingirika sakafuni.

"Jamani, nimekuvunjia santuri!"

"Si santuri, dada, ni sidii ya kompyuta. Humo mna rekodi za hewa ya dunia, miaka kumi na mitano."

Zamzam akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Basi tugawie kidogo, bwana. Humu ndani tunakufa na joto."

Ilikuwa Machi 1997. Kijana aliitwa Yahya, mwanafunzi wa hali ya hewa aliyerudi kwao mtaa wa Kaloleni, hapo hapo Kisumu, kumalizia utafiti. Haukupita mwezi, wakawa wanakula samaki pamoja ufukweni kila Jumamosi.

"Hiyo kazi yako hasa ni nini?" Zamzam alimuuliza.

"Wataalamu wamekusanya vipimo vya zamani, vya puto za angani, meli na vituo, kompyuta ikaijenga upya hewa ya kila siku iliyopita. Wamarekani wana yao, Wazungu wa Ulaya wana yao. Mimi nazilinganisha. Zikifika hapa ziwani zinagombana: siku moja, huyu anasema mvua, yule anasema jua."

"Na mkweli ni nani?"

"Atajua aliyekuwepo."

"Baba yangu alikuwepo."

Mzee Mbarak, mwenye duka Ahero, alikuwa amepima mvua kwa ajili ya Idara ya Hali ya Hewa kila asubuhi saa tatu tangu 1979, hakosi hata Idi. Zamzam akamletea Yahya madaftari kumi na manane, ameyafunga kwa leso yake.

"Yatunze kama unavyonitunza mimi."

"Kama wewe? Basi hayarudi, roho yangu."

Septemba ripoti ikatoka. Yahya alikuwa ameandika kwamba kituo cha mzee cha Ahero hakiaminiki, vipimo vyake havipatani na hewa ya Wamarekani wala ya Ulaya. Wiki mbili baadaye watu wa idara walikuja na gari, wakang'oa chombo cha kupimia mvua. Mzee Mbarak alisimama na kanzu yake nyeupe, akiangalia shimo.

"Zamzam, nimesema uongo miaka kumi na minane?"

Kabla mwezi haujaisha, kiharusi kilimwangusha. Hakusema tena.

Yahya alipiga simu dukani.

"Zamzam, mpenzi, nisikilize..."

"Ulinipenda mimi au ulipenda madaftari?"

"Wewe!"

"Basi ungeniuliza kabla hujamwita baba yangu mwongo."

Akaibamiza simu, akajitupa juu ya magunia ya mchele akalia mpaka sauti ikakauka.

Novemba mvua ilikuja kama iliyotumwa. Mto Nyando ukavunja kingo, maji yakaingia dukani mpaka rafu ya tatu. Jirani yao Zadock aling'oa mlango, wakambeba mzee juu yake hadi barabarani, wakafika hospitali Kisumu. Siku mbili Zamzam hakula. Buibui lilimkaukia mwilini. Alikaa kando ya kitanda akinong'ona, "Ya Rabi, nichukue mimi, mwache huyu," na mwili wa baba yake ukizidi kuwa baridi mikononi mwake.

Ndipo akamwona Yahya mlangoni, tope mpaka kiunoni, amekonda, macho mekundu.

"Nimekutafuta Ahero siku mbili. Nilidhani mmechukuliwa na maji."

"Umekuja kupima nini tena?"

"Nimekuja kukiri. Mvua anayoipima mzee saa tatu asubuhi ni ya jana, imejikusanya chomboni tangu jana asubuhi. Mimi niliiandika kama ya leo, siku zote, miaka yote. Nilipoirudisha nyuma siku moja, madaftari ya mzee yakakaa sawasawa. Yalionyesha hata pale Wamarekani na Wazungu wa Ulaya wote walipokosea. Mwongo ni mimi, Zamzam."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Yahya alipiga magoti akarudia yote, neno kwa neno, huku akilia. Mzee Mbarak alimkazia macho. Kisha mkono wa kushoto, uliobaki na uhai, ukapapasa shuka, ukakuta kichwa cha kijana, ukatulia pale.

Zamzam akageukia ukutani, akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi.

"Ripoti nimeiandika upya," Yahya akasema. "Jina lake liko mbele ya langu. Na wewe... sijui nikuombe nini kwanza, msamaha au ndoa."

"Ndoa mwombe baba, yuko hapo anakusikia," Zamzam akajibu bila kugeuka. "Msamaha utaniomba mimi, na utauomba siku nyingi."

"Nitauomba."

Zamzam akageuka, akamsogezea kiti kando ya kitanda.