Jina Pekee Jaladani

Goti la Wembe lilikuwa juu ya koo la mtu huyo, na mtu huyo alikuwa bado anapapasa sakafu akitafuta bastola yake.

Hakuipata.

Kitu kikakatika shingoni. Akatulia kati ya Prado mbili, kwenye maegesho ya chini ya jengo, saa tatu na robo asubuhi. Wembe alikuwa amemfuata tangu alfajiri. Akampekua haraka. Glock yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Redio ndogo ya Motorola. Karatasi ya rangi iliyokunjwa mara nne.

Alitegemea ramani. Ilikuwa jalada la ripoti.

*Makombora Yanayopita Bandarini*. Chini yake jina moja tu la mwandishi, limezungushiwa kalamu nyekundu.

Alilijua jina hilo. Lilikuwa la dada wa mumewe.

Redio ya marehemu ikakoroma. "Umefika? Sisi tunamalizia kushusha spika, kisha tunapanda na lifti. Ni yule wa jaladani tu. Mzee wetu msimguse."

Wembe akampigia mkuu wake wa kazi huku anakimbilia ngazi.

"Mkuu, wale wa makombora wamekuja kuua mtu hapa taasisi."

"Wanamtaka nani?"

"Wifi yangu."

"Yule mtafiti? Ana nini?"

"Ndicho ninachopanda kumuuliza."

"Wembe, meli yao inapakua leo na hatujui ni ipi. Nataka mmoja akiwa hai."

"Nitajaribu," alisema, akijua hatajaribu sana. Hakukata simu. Akaitumbukiza mfuko wa juu wa koti.

Ghorofa saba.

Alipanda akiwa na hofu, na hofu hiyo ilimkera. Amewahi kuingia kwenye maghala yenye bunduki ishirini bila moyo kwenda mbio. Lakini huyu ni wifi yake, mtu aliyemshikia shada la maua siku ya harusi.

Taasisi ya mambo ya nje na usalama ilikuwa na korido ndefu yenye zulia la kijivu na picha za wakurugenzi waliopita. Hapa watu hawazeeki, wanabadilishana vyeo. Mtafiti msaidizi, mtafiti, mtafiti mwandamizi. Halafu unaitwa wizarani miaka mitano, unarudi na mvi kuja kulaumu sera ulizoandika mwenyewe. Wifi yake hakuwahi kuitwa wizarani. Alianzia chumba cha kudurufu, akibana ripoti za wenzake kwa pini, na miaka ishirini na miwili baadaye alikuwa bado mtu wa "akishirikiana na".

Mpaka leo.

Wenzake walikuwa chini wakiandaa uzinduzi; yeye Wembe alimkuta ofisini, amesimama mbele ya kioo cha dirisha, anafanya mazoezi ya hotuba. Suti mpya ya bluu. Lebo ya bei bado inaning'inia kwapani.

"Wifi! Leo umekumbuka kuna ndugu? Uzinduzi ni saa nne, umewahi. Hebu tazama." Akamnyanyulia kitabu. "Jina langu. Peke yake."

"Funga mlango. Kwa nini peke yake?"

"Hata hongera hakuna?"

"Wifi, kwa nini peke yake?"

"Tuliandika na Tanbihi. Jumatatu akaomba nimwondoe. Eti yeye keshapata sifa za kutosha, ananipisha."

Tanbihi lilikuwa jina la utani la mtafiti mwandamizi kuliko wote pale, mzee anayeweza kujaza nusu ukurasa kwa maelezo ya chini. Wembe akaipima mkononi ile Glock ya marehemu.

"Umekaa hapa miaka ishirini na miwili. Umewahi kuona mtaalamu akiomba jina lake liondolewe jaladani?"

Wifi yake akakaa kitini polepole.

"Nimeona watu wakipelekana mahakamani nani atangulie," alisema. "Nimeona ndoa ikivunjika. Kuondolewa, hapana. Sijawahi." Macho yake yakashuka kwenye bastola. "Wifi, hicho ni nini? Si ulisema uko kwenye bima?"

Kengele ya lifti ikalia.

"Chini ya meza."

"Lakini…"

"Chini!"

Walikuwa wawili, wamevaa ovaroli za mafundi wa vipaza sauti. Spika waliyobeba ilikuwa ganda tu, na ndani yake kulikuwa na bunduki mbili aina ya Uzi, zenye viwambo virefu vya kuzuia sauti. Wembe hakuwapa nafasi ya kuzitoa zote. Risasi mbili kutoka mlangoni. Wa kwanza alipigwa kifuani, akarudi nyuma na kuingia kwenye lifti aliyotoka nayo. Milango ikajifunga, ikamchukua.

Wa pili alikuwa mwepesi. Mvua ya risasi ikachana picha za wakurugenzi watatu. Moja ikapita kwenye mkono wa kushoto wa Wembe, chini ya kiwiko, na moto ukampanda mpaka begani. Akajirusha chumba cha kudurufu. Jamaa akamfuata. Hilo lilikuwa kosa lake la mwisho, kwa sababu chumba kilikuwa chembamba na bunduki ndefu haigeuki.

Wembe akampiga kichwa puani. Akamlaza juu ya mashine ya kukatia karatasi, lile panga refu la chuma lenye mpini pembeni. Jamaa akamng'ang'ania koo kwa mkono mmoja; wa pili ulibaki chini ya panga. Wembe akaushika mpini, akaushusha kwa uzito wake wote.

Jamaa alipiga ukelele mmoja. Vidole vinne vikabaki upande wa pili wa panga. Wembe akammaliza kwa risasi moja, maana mkono mwingine wa jamaa ulikuwa umeshafika kwenye kisu.

Akatoka akihema. Ofisi ilikuwa wazi. Chini ya meza hapakuwa na mtu.

"Huku, mwanangu," sauti ya kizee ikaita kutoka maktaba.

Tanbihi alisimama kati ya makabati ya majarida, miwani puani, koti la sufi, mkono mmoja umemkumbatia wifi yake Wembe shingoni. Mkono wa pili ulikuwa na bastola ndogo ya Walther, mdomo wake umegusa sikio la mama wa watu. Kompyuta ya wifi ilikuwa sakafuni, imevunjwa vipande.

"Tupa hiyo," alisema.

Wembe akaishusha Glock mpaka usawa wa paja. Hakuitupa.

"Nilimfundisha mimi huyu," Tanbihi akaendelea, na kweli alionekana mwenye huzuni. "Niliomba wamuache. Wakasema atakayekuwa jaladani ndiye atakayekufa. Kiambatisho cha tatu nimekiondoa huko kiwanda cha uchapaji, hakimo kwenye nakala yoyote. Kimebaki kichwani mwake tu."

"Ulijua tangu Jumatatu," wifi yake alisema. Sauti ilikuwa na hasira zaidi kuliko woga. "Ukaniacha ninunue suti."

Wembe akamtazama machoni. Damu ilikuwa inamdondoka kwenye zulia.

"Wifi, hicho kiambatisho cha tatu kinahusu nini?"

Ukimuuliza mtaalamu swali kuhusu utafiti wake, hata awe na bastola sikioni, atajibu. Wifi yake akanyoosha mgongo.

"Usafirishaji," alisema kwa sauti ya mkutanoni. "Meli ni Nyota Saba, gati namba sita. Makontena kumi na mawili, yameandikwa pampu za maji. Uzito wa kwenye hati haulingani na pampu za aina yoyote. Nimelinganisha na wauzaji wanne."

"Nyamaza wewe!"

"Watano," akajisahihisha.

Mfuko wa koti la Wembe ukasema kwa sauti ya Mkuu, "Nimepata. Gati namba sita. Vikosi vinakwenda."

Tanbihi alielewa kabla sentensi haijaisha. Siri aliyokuwa ameishikilia kwa shingo haikuwa siri tena. Akaiondoa Walther sikioni na kuielekeza kwa Wembe, na kwa nusu sekunde paji lake la uso likabaki wazi.

Nusu sekunde ilitosha.

Tanbihi alianguka na rafu nzima ya majarida. Wifi yake akabaki amesimama, matone mekundu kwenye bega la suti ya bluu. Kisha akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakitiririka. Miaka ishirini na miwili alikuwa amemwita mzee huyo mwalimu.

Wembe akatoa simu, akavua koti lake jeusi, akamtupia mabegani mkono uliotoboka ukiwa umekunjwa ndani, akamkatia na lebo ya bei.

"Wageni wanakusubiri chini. Vijana wetu wameshaizuia lifti, na watasafisha huku juu."

"Kaka anajua kazi yako?"

"Hajui."

"Unamficha tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi."

"Miaka tisa unamdanganya kaka yangu." Alisema hivyo bila kupepesa. Risasi haikuwa imemuuma Wembe hivyo.

Simu ya wifi yake ikalia. Alilitazama jina la kaka yake kwa muda mrefu, akajifuta mashavu, akapokea.

"Ahsante, kaka. Ndiyo, naingia ukumbini sasa hivi." Akasikiliza. Akauangalia mkono wa Wembe, kitambaa alichojifunga kimeloa chote. "Mkeo? Nimemwona. Amejikwaa kwenye ngazi hapa kazini kwetu, amechanika mkono kidogo. Hapana, usije, ni mzima. Nilikuwa naye mwenyewe."

Akakata.

"Sasa tunamdanganya wawili," alisema, akachukua kitabu chake na kwenda kuhutubia.

Wembe alisubiri mpaka makofi ya ukumbini yakasikika kwa mbali. Kisha akashuka ngazi bila haraka, akapita katikati ya wageni waliochelewa, akatoka mlango wa mbele.